Programu Inayotangulia Kompaila

Kompaila si faili moja. Ukiita gcc, yenyewe hugawa kazi: cc1 hugeuza msimbo wa C kuwa asembli, as huitafsiri asembli, ld huunganisha vipande na maktaba. Kila mmoja lazima apatikane mahali pake. Kwa hiyo anayesambaza kompaila ndani ya folda ya programu yake bado ana kazi: kompaila hiyo ikifika kwenye kompyuta nyingine, yaweza kuzishika maktaba za mfumo na kuziacha zile ilizokuja nazo.

Wengi humwagiza mtumiaji abadilishe mwenyewe PATH, kigeu cha mazingira chenye orodha ya folda ambamo programu hutafutwa. Naipinga njia hiyo. Inagusa kila kitu atakachoendesha, na matoleo mawili ya kompaila yakikutana, lililo mbele kwenye orodha ndilo huitika.

Afadhali kuandika programu ndogo ya kutangulia. Tangu toleo la 7 la Unix, mwaka 1979, kila mchakato hurithi nakala ya vigeu vya mazingira kutoka kwa mzazi wake. Mtoto akivibadilisha, vya mzazi havitikisiki. Programu tangulizi hujitafuta kwanza ilipo (katika Linux husoma /proc/self/exe), ili folda ihamishike popote. Kisha hutanguliza folda yake kwenye PATH, hujaza C_INCLUDE_PATH na LIBRARY_PATH, halafu huita execve kwa anwani kamili ya kompaila. Anwani kamili ni lazima: tangulizi iliyopewa jina gcc ikitafuta “gcc” kwenye PATH, yaweza kujikuta yenyewe na kuzunguka bila kikomo.

Uzuri wa execve ni kwamba kompaila huchukua nafasi ya tangulizi katika mchakato uleule. Namba ya matokeo humfikia make, programu iliyoiita tangulizi, moja kwa moja: 0 ni salama, nyingine yoyote husimamisha kazi. Windows haina mbadilishano huo. Huko utaita CreateProcess, usubiri, kisha uirudishe namba mwenyewe. Na kwa kuwa hoja zote hupita kama mstari mmoja wa maandishi, nafasi iliyo katika “Program Files” itazikata vibaya usipozifunga kwa alama za nukuu.

LD_LIBRARY_PATH usiiguse ukiweza. LIBRARY_PATH humhusu gcc anapounganisha. Hiyo nyingine humwongoza kila mtoto wa kompaila, hata programu za mfumo, kupakia maktaba zako. Ukiandika $ORIGIN ndani ya faili za kompaila wakati wa kuziunda, zitatafuta maktaba zake kuanzia pale zilipo.