Farasi wa Mbegu na Suti ya Kitani: Maneno ya Wilaya ya Walowezi



Katika mhadhara huu nakusudia kueleza jinsi maneno machache ya banda la farasi na ya baraza la fundi cherehani yanavyoweza kutufunulia historia ya jamii nzima. Wilaya ninayoikusudia ni Nakuru, hususan Njoro na Molo, katika nyanda za juu za Kenya wakati wa ukoloni.

Tuanze na ardhi yenyewe. Mapatano ya mwaka 1904 yaliwaondoa Wamaasai katika malisho yao ya Bonde la Ufa, na sheria ya mwaka 1915 ikawawezesha walowezi kukodishwa ardhi kwa miaka 999. Huko Njoro Lord Delamere alikuwa na shamba lake, na Charles Clutterbuck, baba yake Beryl Markham, alifuga farasi wa mbio. Ufugaji huo ulihitaji madume bora wa mbegu kutoka ng'ambo. Farasi wa mbio wa Kiingereza huandikwa katika kitabu cha nasaba kilichoanza kuchapishwa mwaka 1791, na ukoo wake wa kiume hurudi kwa madume watatu tu: Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Majina hayo yenyewe yatosha kutuonyesha kwamba chimbuko lao ni Mashariki.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapopaswa kutega sikio. Mwarabu humwita dume wa mbegu, na hasa farasi au ngamia, kwa neno *fahl*. Neno hilo lilivuka bahari likafika pwani yetu, likawa *fahali*. Lakini fahali wetu si farasi, ni ng'ombe dume. Sababu haiko mbali. Farasi walikuwa adimu katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, kwa kuwa maradhi ya farasi ya Kiafrika, yaenezwayo na visubi, huwaua kwa wingi. Dume ambaye watu walimwona zizini kila siku alikuwa wa ng'ombe, na neno likamwangukia yeye. Basi yule farasi mwenye asili ya Mashariki alipowasili Njoro kwa njia ya Uingereza, alikuta jina lake la kale limekwisha kupata mwenyewe. Ikabidi aitwe *farasi dume*, au *farasi wa mbegu*.

Neno la pili ni *saisi*, yaani mtunza farasi. Hili nalo ni la Kiarabu, lililopita India na kuingia katika Kiingereza cha makoloni. Mzizi wake ni ule ule uliotupatia neno *siasa*: kutunza, kuongoza, kushika hatamu. Saisi na mwanasiasa ni ndugu wa shina moja. Je, katika wilaya ile nani alishika hatamu? Saisi ndiye aliyejua jike yupi yuko tayari kupandwa, dume yupi ana hasira, na kwato ipi ina jeraha. Hata hivyo, farasi aliandikiwa nasaba ya vizazi na vizazi, ilhali saisi aliandikiwa kipande, ambacho kuanzia miaka ya 1920 wanaume Waafrika walilazimika kukibeba, mara nyingi kikiwa ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni.

Lugha iliyowakutanisha bwana na saisi iliitwa Kisetla. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alichapisha kitabu cha mazoezi ya Kiswahili cha bara kwa ajili ya walowezi, wachimba madini, wafanyabiashara na wake zao. Upatanisho wa ngeli ndio uliopata hasara kubwa katika lugha hiyo. Kiswahili sanifu husema *yule farasi* na *yule mtu*, kwa sababu vyote viwili vina uhai. Kisetla husema *ile farasi* na *ile mtu*. Sidai kwamba kila aliyesema hivyo alikuwa na dharau, kwani wenyeji wengi wa bara nao husema hivyo bila nia mbaya. Nadai tu kwamba lugha iliyojengwa juu ya amri haikuona haja ya kuuliza ni nani anayeamriwa.

Tuje sasa kwenye nguo. Walowezi walishonewa suti nyepesi za kitani na mavazi ya *kaki* na mafundi, wengi wao Wahindi, katika miji ya wilaya. Neno *kaki* asili yake ni la Kiajemi lenye maana ya vumbi au udongo, nalo lilipitia Kihindustani. Pamoja na suti kulikuwa na chepeo pana, na hata pedi ya kukinga uti wa mgongo, kwani waliamini kwamba miale ya jua la ikweta ilidhuru mishipa ya fahamu. Mfasiri akitaka kuziita nguo hizo "nguo za kiangazi", na asite kwanza. Kiangazi chetu ni msimu wa ukavu, si majira ya joto ya Ulaya. Njoro iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Julai, Mwingereza wa kwao akivaa kitani, mtu wa Njoro hutafuta sweta. Katika nyumba hiyo hiyo mtumishi mtu mzima aliitwa *boi*, akavishwa kanzu au kaptura. Nguo ilipimwa kwa futi ya fundi, lakini ilikatwa kwa kufuata daraja.

Nahitimisha kwa ombi kwenu, wanafunzi. Kamusi zetu zinaeleza *saisi* kwa maneno machache tu. Waliokuwa vijana wa mabandani mwaka 1963, Kenya ilipopata uhuru, sasa wana miaka themanini au zaidi. Wanajua majina ya rangi za farasi, ya maradhi, ya matandiko na ya mishono ambayo hayajapata kuandikwa. Nendeni kwao na daftari, mkawasalimu kama wazee wenu, mkawasikilize. Farasi wamekwisha kuandikiwa kitabu chao. Tuwaandikie na waliowatunza.