Kasomeno: Panda Ukiiwaza Oktoba

Huku kwetu Haut-Katanga, kuanzia Lubumbashi hadi Kasomeno kwenye barabara ya Kasenga, mvua hukatika kati ya Mei na Septemba, na wengi hukiita kipindi hicho chote kiangazi. Kwa mwenye bustani, viangazi ni viwili. Usiku wa Juni na Julai mjini Lubumbashi hushuka chini ya nyuzi 10 Selsiasi. Septemba na Oktoba jua linachoma na visima vimepungua. Kabla ya kununua mbegu, jiulize: Oktoba itaukuta mmea huu umefikia wapi?

Shu, yaani kabichi, pamoja na karoti na saladi hupenda ule ubaridi. Zipandwe Aprili na zivunwe kabla ya Septemba. Saladi ikikutwa na joto hurefuka, hutoa maua, na majani huwa machungu.

Kitunguu ndicho kinachowaponza wengi. Hukuza majani wakati wa baridi na kukaza kichwa joto likirudi, lakini pia hufuata urefu wa mchana. Zipo mbegu za Ulaya zinazongoja mchana wa saa 14 au zaidi. Hapa mchana mrefu kuliko wote, wa Desemba, hautimizi saa 13. Mbegu hizo zitakupa majani matupu hata uzimwagilie vipi. Dai aina ya mchana mfupi, uisie Machi au Aprili.

Bamia ni kinyume cha mboga za baridi: ukiipanda Juni, mbegu huozea kwenye udongo baridi. Ngoja mwisho wa Agosti. Lengalenga, yaani mchicha, nayo hushangilia joto, na huchumwa baada ya wiki tatu au nne tu, kwa hiyo ndiyo mboga ya bukari, yaani ugali, ninayoipendekeza maji yakiwa haba. Nyanya zioteshe Mei au Juni ili zitoe maua baridi ikipungua na zivunwe kabla mvua haijaleta ukungu.

Udongo wetu mwekundu una asidi na haushiki maji vizuri. Dawa ipo karibu: vichuguu vile vikubwa vya mchwa vina mfinyanzi mwingi, na mara nyingi chokaa pia. Chukua konzi ya udongo wa kichuguu, uloweshe, uuviringishe. Ukitoa kamba nyembamba isiyokatika, ponda mabonge yake, changanya na samadi kwenye tuta. Usizidishe, maana tuta litakuwa gumu kama tofali. Kisha funika kwa nyasi kavu badala ya kuzichoma, na umwagilie jioni.