Maumivu ya Mbavu kwa Mtu Aliyepungua Uzito

Mtu anayejinyima na kufanya mazoezi ili apunguze uzito hutarajia mambo mengi: nguo kulegea, pumzi kutomkata apandapo ngazi, shinikizo la damu kushuka. Hatarajii mbavu kumuuma. Hata hivyo, si haba wagonjwa wanaofika kliniki wakiwa wamepungua kilo 10 au 20, kisha wakalalamikia mbavu za chini. Mmoja husema kuna kitu kinachomchoma alalapo kwa ubavu, mwingine huona mfupa umetokeza upande mmoja, na mwingine amepapasa chembe cha moyo akakuta kijiwe kigumu ambacho, kwa kiapo, hakikuwapo mwaka uliopita. Picha ya eksirei hutoka safi, vipimo vya damu havionyeshi dosari, naye hurudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu bila maelezo yoyote. Mtu asiyepewa maelezo hujitafutia yake, na mara nyingi huyo hujiambia kuwa ana saratani.

Kabla ya kugusa ubavu wowote, mhudumu wa afya anapaswa kuuliza swali moja: je, uzito huu mgonjwa ameupunguza, au umepungua wenyewe? Kiswahili kimeyatenga mambo haya mawili vizuri, na tiba nayo huyatenga. Aliyeacha soda na chapati, akatembea kila asubuhi na kuona mizani ikishuka polepole, ana maelezo ya kupungua kwake. Aliyekonda ilhali anakula kama zamani, au aliyepoteza hamu ya chakula bila kujua sababu, ni mgonjwa wa namna nyingine, hata kama maumivu yao yanafanana.

Tuchukue kwanza yule aliyepunguza kwa hiari. Binadamu ana jozi 12 za mbavu. Jozi 7 za juu hushikana na mfupa wa kidari, kila moja kwa gegedu lake. Ubavu wa 8, wa 9 na wa 10 haufiki kidarini: gegedu la kila mmoja huegemea lile la juu yake, likishikizwa kwa nyuzi laini. Jozi mbili za mwisho hazishikani na chochote kwa mbele. Juu ya ukingo huu wote hulala mafuta ya chini ya ngozi, ambayo kwa mtu mnene huwa kama godoro. Godoro likiondoka, ukingo wa mbavu hukutana moja kwa moja na waya wa sidiria, mkanda wa suruali, ukingo wa meza na mkeka wa kulalia. Mfupa haukubadilika, kilichobadilika ni kinachoufunika.

Kijiwe cha chembe cha moyo kina historia hiyohiyo. Ni ncha ya chini ya mfupa wa kidari, ambayo kila mtu amezaliwa nayo. Utotoni huwa gegedu, na kuanzia umri wa miaka 40 hivi hugeuka mfupa polepole. Kwa baadhi ya watu imepinda kuelekea mbele. Mtu anaweza kuishi nusu ya umri wake bila kuigusa, kisha akaivumbua wiki moja baada ya kupungua. Mbavu kutolingana kulia na kushoto nako ni maumbile ya kawaida kabisa.

Tatizo ni kwamba aliyekivumbua kijiwe hicho hakiachi. Hukibonyeza asubuhi kuona kama kimekua, hukibonyeza tena usiku, na humwita mwenzake naye akibonyeze. Baada ya wiki mbili za upimaji huo gegedu huanza kuuma kweli, na maumivu yanakuwa ushahidi wa ugonjwa ambao haukuwapo. Kumwomba mgonjwa asiguse mahali hapo kwa majuma matatu ni tiba ya bure, nayo hufaulu mara nyingi kuliko inavyodhaniwa.

Wako pia wenye hitilafu halisi. Mwaka 1919 daktari Edgar Cyriax alieleza hali ambamo nyuzi zinazoshikiza gegedu la ubavu wa 8, wa 9 au wa 10 hulegea, na ncha ya ubavu huteleza chini ya ule wa juu na kuibana neva ipitayo kati yao. Mgonjwa husikia mchomo mkali anapoinama, anapojipindua kitandani au anapokohoa, pengine pamoja na mlio mdogo wa «tak». Eksirei haisaidii hapa kwa kuwa gegedu halionekani ndani yake. Picha safi haimaanishi kwamba mgonjwa anasingizia. Kipimo ni mikono ya mpimaji: huingiza vidole chini ya ukingo wa mbavu, kana kwamba anashika mpini wa kikapu, na kuuvuta kwa upole kuelekea mbele. Maumivu yaleyale yakijirudia, jibu limekaribia. Wengi hupata nafuu kwa kuepuka mazoezi ya kukunja tumbo, kutumia dawa za maumivu kwa muda mfupi na kuimarisha misuli ya kiwiliwili kwa msaada wa mfiziotherapia. Wachache huhitaji sindano ya ganzi kwenye neva, na wachache zaidi upasuaji. Wanaotumia diklofenaki au ibuprofeni wakumbuke kwamba dawa hizo huweza kuleta vidonda vya tumbo na kuumiza figo; aliyekwisha kuwa na maradhi hayo asizinunue dukani bila ushauri.

Si kila kinachouma chini ya mbavu ni mbavu. Anayepungua kwa kasi, hasa zaidi ya kilo 1.5 kwa wiki, yumo katika hatari ya kupata vijiwe vya nyongo. Mwili unaoyeyusha mafuta upesi humimina kolesteroli nyingi kwenye nyongo, na mfuko wa nyongo usiopata chakula chenye mafuta haujikamui ipasavyo. Nyongo ikituama, vijiwe hujijenga. Mtu aliyetoka kilo 90 hadi 72 kwa wiki 26 amepungua takriban kilo 0.7 kwa wiki, kasi isiyotisha. Aliyefanya hivyo kwa wiki 8, kwa funga kali, upasuaji wa tumbo au sindano za kupunguza uzito zinazovuma siku hizi, amepungua zaidi ya kilo 2 kwa wiki. Maumivu ya nyongo hukaa chini ya mbavu za kulia, huja mara nyingi baada ya mlo, hudumu nusu saa hadi saa kadhaa, na huweza kupanda hadi begani. Kubonyeza ubavu wenyewe hakuyaamshi. Kipimo kinachofaa ni ultrasaundi, kwa kuwa vijiwe vingi havionekani kwa eksirei.

Sasa yule ambaye uzito umempungua wenyewe. Mtu wa kilo 80 akipoteza kilo 4 au zaidi katika miezi 6 hadi 12 bila kukusudia, achunguzwe, hata kama majirani wanampongeza. Kikohozi cha wiki mbili, homa za jioni na jasho la usiku vinaelekeza kwenye kifua kikuu, ambacho huweza kushambulia utando wa mapafu na kuchoma ubavuni kwa kila pumzi. Kiu na kukojoa mara kwa mara vinadai kipimo cha sukari. Uzito au uvimbe chini ya mbavu za kulia unadai ini lichunguzwe: katika nchi zetu homa ya ini aina ya B ni chanzo kikuu cha saratani ya ini, na haisubiri uzee. Uvimbe wa kushoto huenda ukawa wengu uliovimba kwa malaria ya kujirudia au kichocho. Maumivu ya mifupa yasiyotulia usiku, pamoja na upungufu wa damu kwa mtu mzima, yasipewe vidonge tu. Kipimo cha VVU kitolewe bila kumhukumu mtu kwa wembamba wake. Na ukanda wa ngozi unaowaka upande mmoja wa kifua, hata kabla ya malengelenge kutokea, huenda ukawa mkanda wa jeshi. Dawa yake hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitokeze.

Maumivu ya kukandamiza kifua yanayoambatana na jasho, kichefuchefu au pumzi kukata hayangoji miadi: mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Kwa wengine wote, daftari dogo linatosha kuanzia, lenye uzito wa kila wiki, saa ya maumivu na kilichoyatangulia, nalo liletwe kliniki siku ya kwanza.