Gari la Fahari Lililotumika: Yatazamwe Haya Kabla ya Kutoa Arbuni



Msimu wa harusi unapokaribia, yadi za magari mjini Mombasa hujaa familia. Baba huinamia injini asiyoijua, vijana huketi penye usukani wakipigana picha, na mama husimama kando akihesabu moyoni mwake: ada za skuli, kodi ya nyumba, na ule mkufu uliouzwa ili fedha zitimie. Na gari linalotazamwa siku hizi si kile kigari cha kupelekea watoto madrasa tu. Ni Mercedes E-Class, ni BMW X5, ni Lexus, ni Toyota Crown yenye viti vya ngozi na taa zinazowaka zenyewe giza linapoingia.

Sisi hatuoni lawama katika kupenda kizuri, maadamu kimepatikana kwa halali na hakikuwanyima haki wanaostahiki. Lakini imetupasa kuandika juu ya jambo hili kwa sababu maswali yanayotufikia kutoka kwa akina mama aghalabu huja baada ya fedha kutoka mfukoni, ilhali swali la kufaa ni lile linaloulizwa kabla.

Kwanza ifahamike kwa nini gari hili limekuwa rahisi. Gari la fahari likiwa jipya hununuliwa na wachache, na katika miaka yake ya mwanzo thamani yake huporomoka kwa kasi kuliko ya gari la kawaida. Ndipo mtu wa kipato cha katikati anapoweza kulifikia. Lakini bei ya spea haikuporomoka pamoja nalo. Springi za hewa za Mercedes, taa ya mbele ya Lexus, giaboksi ya BMW, vyote hivi vingali vikiuzwa kwa hesabu ya gari lililokuwa la tajiri. Kwa hivyo swali la familia lisiwe tu, "Tunazo fedha za kulinunua?" Muulizeni fundi anayelijua gari la aina hiyo akutajieni bei za vitu vinne: breki seti nzima, springi za mbele, matairi manne, na huduma ya giaboksi. Jumla yake ikikutieni hofu, basi gari hilo si lenu hata kama bei ya yadi ni nzuri. Na mweke akiba ya matengenezo tangu siku ya kwanza, wala msimalize senti ya mwisho juu ya meza ya muuzaji.

Magari mengi ya yadi zetu hutoka Japani na kushukia Kilindini. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza huko litokako, na Shirika la Viwango, KEBS, hutaka gari likaguliwe kabla ya kupakiwa melini. Hizi ni kinga njema, lakini ukaguzi ule hauelezi historia yote ya gari. Historia huelezwa na karatasi mbili ambazo mnunuzi ana haki ya kuziomba.

Ya kwanza ni karatasi ya mnada. Katika minada ya Japani kila gari hupewa daraja na mkaguzi. Gari la 4.5 au 4 ni zuri, la 3.5 lina makovu ya kiasi, na likiandikwa R au RA maana yake limewahi kupata ajali likatengenezwa. Juu ya mchoro wa gari huwekwa herufi: A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni mahali palipotengenezwa na kupakwa rangi, S ni kutu. Ya pili ni cheti cha kufutiwa usajili kule Japani, ambacho aghalabu huonyesha kilomita zilizosomwa katika ukaguzi wa serikali. Gari binafsi huko hukaguliwa baada ya miaka 3 ya mwanzo, kisha kila baada ya miaka 2. Spidomita ikisema kilomita 60,000, na cheti cha miaka miwili nyuma kikasema 110,000, hapana haja ya kubishana na mtu. Shukeni, agéni kwa heshima, mwende zenu.

Muuzaji atakayesema karatasi zimepotea huenda anasema kweli. Lakini gari lisilo karatasi lina bei yake, na bei hiyo si ya gari lenye karatasi.

Ikiwa gari limekwisha kusajiliwa hapa nchini, utafutaji hufanywa katika huduma za NTSA kupitia eCitizen, kwa ada ndogo. Jina la mmiliki litaonekana, nambari ya chesisi na ya injini, rangi, na kama kuna benki au mkopeshaji anayelidai. Nambari hizo zisomwe juu ya gari lenyewe, kwa macho yenu, si katika picha ya simu. Yadi nyingi huuza magari ya watu wengine kwa ujira, na hilo si kosa. Kosa ni kutoliambia. Ulizeni waziwazi: gari hili ni mali ya yadi au mmewekewa? Likiwa limewekwa, mwenyewe yuko wapi, na nani atakayeanzisha uhamisho wa umiliki? Na mkiambiwa gari lilikuwa la balozi au la shirika lililosamehewa ushuru, takeni uthibitisho kuwa ushuru umekwisha kulipwa, maana deni la forodha halimwachi gari kwa kuwa limebadilisha dereva.

Sasa tuje penye gari lenyewe. Mwendeeni asubuhi, na muombe lisiwashwe mpaka mfike. Injini iliyokwisha kupashwa moto huficha mlio wake. Gari lenye springi za hewa, likiwa limelala upande mmoja asubuhi kisha likainuka baada ya kuwashwa, linavuja, na dawa yake si ya bei ndogo. Tazameni ncha za mikanda ya kiti, chini ya mazulia, na ndani ya shimo la tairi la akiba: tope na kutu mahali pasipofikwa na mvua ni dalili ya gari lililozama majini. Chini ya gari tazameni kutu pia, kwa kuwa Japani ina majimbo ya theluji ambako barabara humwagwa chumvi, na gari likishatoka huko likaja kuishi pwani kwetu, hewa ya bahari huimalizia kazi ile. Matairi yana tarakimu nne za kiwanda, wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi yanayong'aa kwa dawa yanaweza kuwa mazee kuliko mlivyodhani.

Kuna jambo moja tunalotaka lisipitwe, kwa sababu ni la roho za watu. Mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani ilirejeshwa viwandani kwa mamilioni duniani kote, na kampuni hiyo ikafilisika mwaka 2017. Kasoro yake ni kwamba baruti iliyomo ndani huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, ikawa mfuko ukifunguka hurusha vipande vya chuma usoni mwa aliyeketi. Joto na unyevu! Ni hali ya hewa yetu hii hii ya Mombasa, Malindi na Lamu. Magari ya chapa nyingi yaliguswa, ya fahari na ya kawaida, Toyota na BMW yakiwamo. Makampuni mengi yaliyoyaunda magari hayo yana kurasa za intaneti ambamo huandikwa nambari ya chesisi na kujibiwa kama gari limo katika orodha na kama limekwisha kubadilishwa mfuko. Ni kazi ya dakika tano, na hatuoni udhuru wa kuiacha kwa gari litakalobeba watoto.

Mchukueni fundi wenu, si wa yadi, naye aje na mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Fundi mzuri hatosheki kuona kuwa hakuna kosa lililoandikwa. Hutazama pia kama kumbukumbu imefutwa karibuni. Anayetaka tathmini rasmi anaweza kwenda AA Kenya. Kisha gari liendeshwe mbali. Kuzunguka Nyali kwenye lami laini hakutoshi. Lipandisheni mlima wa Mazeras, huko giaboksi na joto la injini husema kweli. Na kama nyumba yenu iko Likoni, lipitisheni kwenye feri kwanza, mjue kama tumbo lake linavuka ngazi ile bila kukwaruza. Gari la chini lililotengenezwa kwa barabara za Tokyo halikuwazia Likoni.

Tukija katika malipo, hapa ndipo penye shauri kubwa zaidi. Muuzaji atasema: "Toa arbuni nikuwekee, maana kuna mtu mwengine anakuja jioni." Na katika risiti kutakuwa na mstari mdogo usemao kuwa fedha hazirudi. Maulamaa wengi, wakiwamo wa madhehebu ya Imam Shafii tunayoyafuata wengi wa pwani, hawakuijuzisha arbuni ya namna hiyo, yaani muuzaji kuila fedha ya mwenziwe bila ya kutoa kitu. Wa madhehebu ya Hanbali waliiruhusu. Sisi hatutoi fatwa, wenye elimu wapo. Tunachosema ni kuwa arbuni iandikwe ni ya siku ngapi, na kwamba itarudishwa kama karatasi za gari au ukaguzi wa fundi utaonyesha kinyume cha yaliyosemwa. Muuzaji mwenye gari safi hatakataa sharti hilo.

Sheria yetu ya kuuziana ina neno zuri, hiari. Wanunuzi wanaweza kushartiza hiari ya siku tatu, na ikionekana aibu iliyokuwapo kabla ya mauziano, wana haki ya kurudisha. Hata mkataba ukiandikwa "gari limeuzwa kama lilivyo", muuzaji aliyeijua kasoro akaificha hasalimiki kwa maandishi hayo mbele ya Mola wake. Sheria ya nchi nayo haikunyamaza: kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa yenye ubora wa kuridhisha na ya kupewa maelezo anayohitaji, na ipo Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Lakini haki hizi hudaiwa kwa maandishi. Kila ahadi ya mdomo, kwamba giaboksi haijafunguliwa au kwamba gari halijagonga, iingie katika mkataba kwa maneno yayo hayo. Fedha zilipwe katika akaunti ya kampuni inayouza, wala si katika simu ya dalali.

Wasio na fedha taslimu huenda kwa mkopo. Mkopo wa riba hatuna haja ya kuueleza. Murabaha ya benki za Kiislamu ni mauziano: benki hulinunua gari, hulimiliki, kisha huwauzia kwa faida inayojulikana tangu siku ya kwanza. Ulizeni swali moja tu: benki imelimiliki gari kabla ya kutuuzia, au tumetia saini kabla? Na yadi inayouza kwa malipo ya polepole inaweza kuwa na bei moja ya taslimu na nyingine ya muda. Wanazuoni wengi wamelikubali hilo ikiwa bei moja imeamuliwa kabla ya kuachana. Deni likiongezwa kwa kuchelewa, jambo limegeuka.

Na sasa jina. Kwa sheria ya Kenya, aliyeandikwa katika logibuku huhesabiwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine. Dada zetu wengi hulipa kwa fedha zao wenyewe, za biashara, za mahari, za dhahabu, kisha gari likaandikwa jina la mume au la kaka kwa kuwa ndiye aliyekwenda yadi. Mkiishi kwa salama hakuna anayelihisi. Tuseme mume amefariki, Mungu apishe mbali, na gari lina thamani ya shilingi milioni 3.2. Limo katika mali yake. Madeni yake yatalipwa kwalo kwanza, kisha mirathi, na mjane mwenye watoto wa marehemu fungu lake ni thumni: shilingi 400,000, tena akigawana na mke mwenziwe akiwapo. Ili arudishiwe gari lililokuwa lake lote, atahitaji mashahidi na risiti mbele ya kadhi, akiwa katika eda, akibishana na mashemeji.

Vivyo hivyo mume anayesema, "Gari hili nimempa mke wangu," wakati jina ni lake na funguo ziko mfukoni mwake. Zawadi haitimii mpaka ikabidhiwe. Iwapo mmechangia, yaandikwe majina mawili, au muandikiane hati yenye mashahidi ikitaja fungu la kila mmoja. Si dhana mbaya baina ya mume na mke. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ile ya kuamrisha maandishi katika madeni.

Uhamisho wa umiliki ufanywe mara moja, msiwasikilize wanaosema mtahamisha mkishazoea gari. Mkiwa bado mko pale yadini, ulizeni ufunguo wa pili uko wapi. Ufunguo wa gari la namna hii ni kompyuta ndogo, na kuutengeneza mpya huweza kugharimu makumi ya maelfu ya shilingi. Kama haupo, gharama yake ipunguzwe katika bei kabla kalamu haijagusa karatasi.