Dakika, namba, jina: kuripoti mupira ni masomo

Kazi moja asubuhi, watu wakingojea basi ya kazi, habari ya kwanza si mushahara. Ni mupira. "Lupopo walifanya ngapi?" "Nani aliingiza?" Kila mutu anajibu yake. Mumoja anasema bao iliingia dakika ya 20, mwingine anasema 35, wa tatu anaapa kama arbitri aliikatala. Na wote watatu walikuwa mu stade!

Hapa njo tunaona kama kuangalia mupira na kuripoti mupira ni kazi mbili. Vijana wengi wa mu kambi zetu, Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, wanatamani kusema mupira mu redio ao kuandika mu gazeti. Wanafikiri inaomba sauti kubwa na maneno matamu. Hapana. Inaomba kaye, biki, saa, na roho ya kutafuta ukweli.

Mbele ya mechi

Fika mu kiwanja saa moja mbele mupira uanze. Andika majina ya wachezaji wa timu zote mbili na namba zao za mu mugongo. Mu mechi zetu za tarehe 1 Mei, mara mingi liste haiko. Basi zunguka wewe mwenyewe, uliza mumoja mumoja: "Ndugu, jina yako wanaiandikaka namna gani?" Usikisie. Mama akiona jina ya mutoto wake imeharibika mu gazeti, ile habari yote kwake imekufa.

Na usiwasahau wale wa sutretansi. Wanavaa maillot moja na wengine, wanakimbia dakika 90 sawa na wengine, lakini kiisha mechi tunasomaka tu "timu ya kampuni imeshinda". Mutu ambaye jina yake haiandikwe mahali popote, siku akipata shida, nani atasema alikuwa pale?

Mu mechi

Kila kitu kinachopita, andika palepale: "Dakika 31, namba 9, kichwa, pasi ya namba 7." Hii fupi inatosha. Usiandike "bao ya ajabu", maana kesho hutakumbuka ajabu ilikuwa nini. Usiruke pamoja na mashabiki. Mwenye kuruka, macho yake yanaacha kuona. Kama uko mu redio, rudilia matokeo na dakika kila mara. Iko baba mumoja ametoka posti sasa hivi, amewasha redio, hajui hata nani anacheza na nani.

Kiisha mechi

Ongea na kocha aliyeshinda na yule aliyeshindwa. Kiisha andika, na jambo kubwa likae mbele. Chukua mufano wa tarehe 14 Desemba 2010, kule Abu Dhabi. Habari ya siku ile inaanza hivi: TP Mazembe 2, Internacional ya Brazil 0, Kabangu dakika ya 53, Kaluyituka dakika ya 85, kwa mara ya kwanza kilabu ya Afrika inaingia mu finali ya Kombe la Dunia la makilabu. Kidiaba mwenye kurukaruka juu ya matako, tulimupenda wote, lakini yeye anakuja nyuma. Na siku ine kiisha, Inter ya Milan ilipotupiga 3-0, ni biki ile ile ilipaswa kuandika.

Bahasha

Tuseme na ile pesa inayoitwa coupage, ambayo mwandishi anapewa na mutu anayetaka asifiwe. Sababu tunaijua: waandishi wengi wanalipwa kidogo, wengine hawalipwe kabisa. Sisi wa sendika hatuwezi kuwacheka, maana mwezi bila mushahara tunaujua. Lakini mwenye kulishwa na kiongozi wa timu ataandika kiongozi mara tano, na muchezaji aliyevunjika muguu hatamuandika hata mara moja. Kwa mechi zetu za kazi, tuchange nauli ya mwandishi sisi wote, timu zote mbili sawasawa, na kila mutu ajue ni franka ngapi.

Faida yake kwetu

Pengine mutu atauliza: delege wa sendika anatafuta nini mu mupira? Anatafuta mashahidi. Siku ya ajali, tunaombwa vitu vile vile: saa ngapi, mahali gani, nani alikuwa pale, nani aliona na macho yake, nani amesikia tu. Watu ishirini walikuwa karibu, na kila mumoja iko na saa yake. Familia ya mwenzetu inapoteza haki yake juu hakuna karatasi inayosema wazi.

Kijana aliyezoea kuandika "dakika 31, namba 9" hatashindwa kuandika "saa 4 na dakika 10, nivo ya pili, watu watatu, majina yao haya". Basi wazazi, mutoto akiomba kaye ya mupira, mumupatie. Na mechi inayokuja, kila timu ichague mumoja wa kuandika. Kiisha mupira walinganishe kaye zao mbili. Pale hazipatane, waulize, mpaka wajue ukweli ni gani.