Kuitawala Nafsi (3): Hasira haipungui kwa kumwagwa

Katika makala mawili yaliyotangulia tuliutazama woga: unavyozaliwa, unavyokua na unavyozoeleka. Leo tunaingia kwenye hasira, na hapa inabidi tubomoe kabla ya kujenga, maana kuna imani iliyoenea mno kuhusu hasira na imani hiyo si ya kweli. Washauri nasaha, watangazaji wa vipindi vya mahusiano na hata baadhi ya viongozi wa dini huamini kwamba hasira ni kama mvuke uliofungiwa ndani ya mtu: usipoutoa, utakupasua. Ndiyo maana aliyeudhiwa huambiwa afoke mpaka roho itulie, aupige mto ngumi, ammwagie mbaya wake yote yaliyo moyoni bila kubakiza. Wazo hili lilipata heshima ya kitaalamu mwaka 1895, pale madaktari wawili wa Vienna, Josef Breuer na Sigmund Freud, walipochapisha kitabu chao kuhusu histeria wakieleza kwamba hisia iliyozuiwa humdhuru mgonjwa mpaka itolewe nje. Tangu hapo limezunguka dunia na sasa linaonekana kuwa busara ya kawaida isiyohitaji ushahidi. Hoja yangu ni kwamba hasira si kitu kilichojaa ndani kikisubiri tundu la kutokea. Hasira ni hukumu ambayo akili imeipitisha, na anayetaka kuitawala hana budi kwenda pale inapopitishiwa.

Tuanze na ushahidi. Mwaka 2002 mwanasaikolojia Brad Bushman, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, Marekani, alichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha wanafunzi 600, nusu wanaume na nusu wanawake. Kila mmoja aliandika insha fupi kuhusu utoaji mimba. Insha ikarudi imesahihishwa na mwanafunzi mwingine, ambaye kwa kweli hakuwepo, ikiwa na alama mbovu na maoni kwamba ni miongoni mwa insha mbaya kabisa alizowahi kuzisoma. Wakakasirika, kama ilivyokusudiwa. Kundi la kwanza likapewa glavu na begi la mazoezi ya ndondi, wapige huku wakimfikiria yule aliyewadharau. Kundi la pili likapiga vilevile, lakini likiambiwa lifikirie kujenga mwili. Kundi la tatu halikupiga chochote. Lilikaa kimya kwa dakika mbili. Kisha kila mmoja alipewa nafasi ya kumwadhibu msahihishaji wake kwa kumpigia kelele masikioni, akichagua mwenyewe ukali wake na muda wake. Kama nadharia ya mvuke ingekuwa sahihi, waliopiga begi wakimfikiria adui yao wangetoka hapo wapole kuliko wote, kwa kuwa wamekwisha kuitoa. Ikawa kinyume kabisa. Hao ndio waliobaki na hasira kubwa zaidi, na ndio waliompigia mwenzao kelele kali zaidi. Walioadhibu kwa upole kuliko wote ni wale waliokaa kimya.

Jaribio moja halitoshi kuangusha imani ya miaka mia na ushee, na si haki kulitegemea peke yake. Lakini mwaka 2024 Bushman na mwenzake Sophie Kjærvik walichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 154 zenye washiriki zaidi ya 10,000. Mambo yanayoutuliza mwili, kama kupumua taratibu, kutafakari na kulegeza misuli, yalipunguza hasira. Yanayouchemsha mwili, kwa ujumla, hayakuipunguza. Hata kukimbia, ambako wengi tunakuamini, kulielekea kuiongeza badala ya kuishusha. Sisemi watu waache mazoezi. Moyo na mishipa vinayahitaji. Nasema tu kwamba anayekwenda kukimbia huku akirudiarudia kichwani maneno aliyotukanwa, anaifanyisha mazoezi hasira yake pia.

Hapo msomaji atauliza: basi tuimeze? Hili ndilo kosa la upande wa pili, na katika jamii zetu naliona kubwa kuliko la kwanza, kwa sababu tunalisifu. Mke aliyenyamaza miaka kumi tunamwita mvumilivu bila kumuuliza kuna nini chini ya ukimya ule. James Gross wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake wameonyesha katika majaribio mengi kwamba mtu anayeambiwa afiche hisia yake usoni hufanikiwa kuificha, ila hisia yenyewe haipungui na mwili hufanya kazi zaidi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, wanawake wasiofahamiana waliwekwa wawiliwawili wazungumzie filamu ya kuhuzunisha, na baadhi yao wakaelekezwa kwa siri wasionyeshe lolote. Mazungumzo yakadorora, na presha ikapanda hata kwa wenzao ambao hawakujua wanafichwa kitu. Ni haki kuongeza kwamba utafiti wa baadaye wa kundi hilohilo ulikuta madhara haya ni madogo zaidi kwa wanawake wenye maadili ya Kiasia, ambako kujizuia ni sehemu ya adabu. Kwa hiyo utamaduni una sauti yake. Lakini karne tisa kabla ya maabara hizo, Imam Abu Hamid al-Ghazali alikwisha kuandika katika Ihya Ulum al-Din, ndani ya kitabu kimojawapo cha mkusanyiko huo kinachohusu hasira, kinyongo na husuda, kwamba hasira ambayo mtu ameishika kwa sababu tu hana uwezo wa kulipiza hurudi ndani na kuwa kinyongo, na kinyongo huzaa husuda. Tazameni alivyoyapanga matatu hayo katika kitabu kimoja. Kwake si madhambi matatu yaliyokaa jirani, bali ni ugonjwa mmoja unaokua.

Kama kuimwaga hakufai na kuimeza hakufai, imebaki njia gani? Jibu linategemea hasira ni nini, na hapa aliyeona mbali ni Seneca, Mrumi wa karne ya kwanza aliyemwandikia kaka yake Novatus kitabu kizima juu ya jambo hili. Seneca aliigawa hasira katika hatua tatu. Ya kwanza ni mshtuko wa mwili usio na hiari: damu kuchemka, mapigo ya moyo kwenda mbio. Huu hauzuiliki, na mtu halaumiwi kwa ajili yake. Hatua ya pili ni akili kukubali wazo kwamba nimedhulumiwa na ni haki nilipize. Ya tatu ni pale mtu asipojali tena kama ni haki au si haki. Anataka kulipiza tu. Tuliweke hili ndani ya daladala. Abiria ametoa noti ya shilingi 2,000, konda amemwambia asubiri chenji, vituo vitatu vimepita na konda yupo mlangoni anaita watu. Joto linalompanda abiria kifuani ni hatua ya kwanza. Kisha linakuja wazo: huyu ananifanya mjinga. Hakuna aliyeliona wazo hilo likiingia, wala abiria mwenyewe. Limepita haraka kiasi kwamba analidhani ni jambo alilolishuhudia kwa macho, kama alivyoishuhudia noti ikitoka mkononi mwake. Kumbe alichokishuhudia ni kuchelewa kwa chenji. Mengine ni tafsiri. Huenda tafsiri hiyo ni sahihi, makonda wa namna hiyo wapo. Lakini imepita bila kuhojiwa, na matusi yanayofuata yamejengwa juu yake yote.

Hukumu ikipitishwa haraka namna hiyo, dawa ya kwanza ni muda, na Seneca alisema wazi kwamba tiba kuu ya hasira ni kuichelewesha. Waislamu wanaijua hadithi iliyopokewa na Abu Dawud inayomwelekeza aliyekasirika akiwa amesimama akae, na isipomtoka ajilaze. Wanajua pia agizo la kutawadha. Wakristo wanajua onyo la Paulo kwa Waefeso kuhusu jua kuchwa mtu akiwa bado na hasira. Mafundisho haya yanafanana kuliko tunavyokiri. Yote yanahusu muda, na hayo ya Kiislamu yanaanza na mwili, kwa sababu mtu aliyekaa chini na uso umelowa maji hana tena mkao wa kupigana, na akili hupata nafasi ya kuiangalia upya hukumu yake. Tafiti za Gross zinaunga mkono sehemu hiyo ya mwisho: anayelitazama upya tukio kabla hisia haijakomaa huumia kidogo na mwili wake haufanyi kazi ya ziada, tofauti na anayesubiri hisia ikomae ndipo aifiche.

Lakini muda mtupu unaweza kutumika vibaya, kama vile waliopiga begi walivyotumia dakika zao kumfikiria adui. Kinachofaa ndani ya muda huo ni kuitaja hali yako na kujisemesha. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walionyesha kwamba watu wanaotafuta neno la kuitaja hisia wanayoiona kwenye picha ya uso, amigdala yao, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hatari, hupunguza kazi, na sehemu ya mbele ya ubongo huongeza. Mwaka 2014 Ethan Kross wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake walikuta kwamba wanaojiandaa kuhutubia hupungukiwa na wasiwasi wakijisemesha kwa jina lao au kwa kusema "wewe" badala ya "mimi". Kwa wasomaji wa Kiswahili hili si jipya. Mapema karne ya 19, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, na sehemu kubwa ya utenzi ule, pamoja na magofu yake ya mji wa Pate, ni mtu anayeusemesha moyo wake mwenyewe kama anayemkabili mwingine: anauonya, anauhoji, anaudai majibu. Tumezoea kuufundisha kama utenzi wa kifo na ubatili wa dunia. Mimi nauona pia kuwa kielelezo cha kazi ya nafsi, na nadhani shule zetu zingefaidika kuusoma hivyo.

Pingamizi la kwanza ninalolitarajia ni la yule anayesema ameumbwa hivyo, hasira zimo katika damu ya ukoo wao. Al-Ghazali alilijibu mapema: kama tabia hazibadiliki, mawaidha na malezi yote yangekuwa bure, na hata wanyama tunaona wakifunzwa. Yeye hakudai hasira ing'olewe. Alisema uwezo wa kukasirika ukikosekana kabisa ni upungufu. Kinachotakiwa ni uitii akili na sheria.

La pili ni zito zaidi. Kuna dhuluma za kweli, na watu wasiokasirika mbele ya dhuluma huwafurahisha wadhalimu. Aristotle hakulaumu hasira yenyewe. Alimsifu anayemkasirikia anayestahili, kwa kiasi kinachostahili, wakati unaostahili. Nakubaliana naye. Lakini angalieni mfano wa Martin Luther King, aliyeongoza mgomo wa mabasi dhidi ya ubaguzi wa rangi nchini Marekani. Usiku wa tarehe 30 Januari 1956, nyumba yake mjini Montgomery ilipigwa bomu, mkewe Coretta na mtoto wao mchanga wakiwa ndani. Umati ukajaa nje, baadhi yao na silaha, na King akasimama barazani akawaomba warudishe silaha majumbani. Baadaye aliandika kwamba usiku huohuo, akiwa amejilaza, hasira ilimpanda alipowafikiria waliotaka kuiua familia yake, akajishika na kujionya asikubali kujaa uchungu. Hukumu ya kwamba ubaguzi ni dhuluma hakuifuta. Aliifuta hukumu ya kwamba basi walipizwe. Mgomo wa mabasi ukaendelea hadi Desemba mwaka huo na ukashinda. Aliyeitawala hasira yake alibaki na nguvu zote za kupinga dhuluma, na zaidi.

La tatu litatoka kwa wacha Mungu: je, hatujaigeuza dini kuwa mbinu za kutuliza presha? Swali ni la haki. Kukaa chini na kuhesabu pumzi humzuia mtu asipige leo. Hakumwambii kwa nini anadhani heshima yake ni kubwa kiasi kwamba kila anayeigusa lazima aumie. Al-Ghazali alipotaja visababishi vya hasira alianza na kiburi na kujiona, akafika hadi kwenye mzaha, ubishi na uchu wa mali na cheo. Hapo ndipo ukuaji wa kiroho unapoachana na mazoezi ya utulivu. Mazoezi huchelewesha hukumu, ila hakimu ni yuleyule, na asipobadilika atahukumu vilevile kesho. Seneca kila usiku, taa ikishaondolewa na mkewe akishanyamaza, aliipitia siku yake yote bila kujificha kitu. Aliishia vibaya: mwanafunzi wake Nero, aliyekuwa mfalme, alimwamuru ajiue mwaka 65. Wapo wanaolitumia hilo kuonyesha kwamba mafundisho yake hayakufaa kitu. Mimi sioni hivyo. Alichoshindwa ni kuitawala nafsi ya Nero, na hakuna aliyewahi kupewa uwezo wa kuitawala nafsi ya mwingine.

Ombi langu ni kwa wanaoulizwa ushauri: watangazaji, masheikh, wachungaji, walimu wa malezi na wazazi. Anapowajieni mtu aliyeudhiwa, msimwambie akamwage yote, wala msimwambie anyamaze tu. Mwacheni akae, apumue, kisha mwulizeni ameona nini kwa macho yake na amedhani nini. Wiki ijayo tutaendelea na kinyongo.