Binti Mtulivu na Usonji Usioonekana

Mtoto wa kiume asiyeitika aitwapo, asiyemtazama mamake usoni, apangaye vifuniko vya chupa mstari mmoja kutwa nzima, hachelewi kuwafanya jamaa waulizane ana nini. Dadake mwenye hali iyo hiyo huitwa mtulivu. Husifiwa kwa haya na adabu, kisha akaachwa.

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo. Hauambukizi, wala hausababishwi na malezi mabaya, wala si shetani wa kupungwa. Kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa ni jambo la wavulana. Leo Kanner, katika makala yake ya mwaka 1943 huko Marekani, alieleza habari za watoto 11, na 8 kati yao walikuwa wavulana. Mwaka uliofuata, Hans Asperger wa Vienna aliandika juu ya wavulana watupu. Hesabu iliyozoeleka ikawa wavulana 4 kwa msichana 1. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2017 uliishusha hadi kukaribia 3 kwa 1, ukaonyesha pia kwamba wapo wasichana wenye dalili kamili ambao hawajatambuliwa na daktari yeyote.

Katika miaka miwili mitatu ya mwanzo tofauti ni ndogo. Wote wawili huweza kuchelewa kusema, au kutoonyesha kitu kwa kidole. Njia huanza kuachana waingiapo shule. Wakati wa mapumziko mvulana mara nyingi hubaki peke yake, na mwalimu humwona. Binti huzunguka pembezoni mwa wenzake, mara yumo mara katoka, na kwa mbali hudhaniwa yu pamoja nao. Mvulana akishikwa na magurudumu na ratiba za mabasi, watu hushangaa. Binti akishikwa na paka au wanasesere, nani atashangaa? Twaona heri mama asitazame kile akipendacho bintiye, bali namna akipendavyo: je, awachezesha wanasesere, ama awapanga tu kwa rangi na kulia wakisogezwa?

Baleghe ndiyo mtihani mkubwa. Urafiki wa wasichana huanza kusimama juu ya siri, mzaha na maneno ya kufumba, nasi watu wa pwani kwa mafumbo hatujambo. Binti mwenye usonji hulichukua neno kama lilivyotamkwa. Basi hujifunza kuiga: hucheka wachekapo wengine, hujilazimisha kutazama macho, hukariri majibu kabla ya kuzungumza. Shuleni na chuoni hasemwi kwa ubaya. Arudipo nyumbani hujifungia chumbani, au hulipuka kwa kilio kwa sababu ya chai kutiwa kikombe kisicho chake. Uigaji huo huchosha mno, na wengi wa mabinti hawa huangukia wasiwasi, huzuni nzito, hata kukataa chakula. Wengine hutibiwa hayo miaka na miaka bila ya mtu kuuliza asili yake. Wako wanawake waliojitambua ukubwani, baada ya mtoto wao kupimwa.

Mwili nao una yake. Kelele za spika za harusi humuumiza kikweli. Kitambaa kinachowasha huwa adhabu. Binti anayeuvua mtandio kila mara huenda asiwe mkaidi. Abadilishiwe wa pamba laini, bila pini. Habari za hedhi aelezwe mapema, kwa maneno ya wazi, kwani fumbo halitamfaa.

Mwenye shaka na aandike ayaonayo pamoja na umri wa mtoto, hasa yale yatokeayo baada ya shule, kisha ayapeleke kwa daktari wa watoto au katika vituo vya serikali vya tathmini ya elimu, vilivyoanza Kenya mwaka 1984. Na akijibiwa kwamba binti anayetazama watu machoni hawezi kuwa na usonji, aombe kupimiwa na mtaalamu mwingine.